Sahani ya Kumi na Nne

Saa kumi na moja alfajiri, machinjioni,
nasimama na chupa ya chai isiyo na chai.
Ndani mna maji ya chumvi, joto la mwili.
Kihiyo, mikono imelowa hadi viwiko,
anatumbukiza ovari mbili za ng'ombe wa Handeni:
"Haya, dada. Bado zinadhani ziko nyumbani."

Kesho yake, Barabara ya Ishirini,
nakunywa supu ya bega la ng'ombe yuleyule.
Limau, pilipili, mfupa.
Mama namnywa,
na mayai yake nimeyaacha maabara, kwenye kiatamizi,
yamekutanishwa na mbegu za dume
aliyekufa kabla mimi sijaajiriwa.
Ni vibaya? Sijui. Nilikuwa na njaa.

Siku ya nane kiinitete ni kitone,
punje ya ufuta ni jitu mbele yake.
Ndani mna kishungi cha seli zisizo na kazi bado:
zaweza kuwa kwato, ini, ulimi,
jicho la kutazama wingu la vuli.
Seli shina, tunaziita.
Mimi nimekulia Pongwe, shina nilijualo ni la mkonge:
limejikalia miaka na miaka, huliulizi, halikuambii,
halafu mwaka mmoja larusha mlingoti juu.

Kila asubuhi nilizipa mchuzi wake wa waridi
na dawa moja inayosema: ngojeni.
Zikangoja. Zikazaana, zikangoja.
Jumanne moja nikaiondoa ile dawa,
nikatia tone la nyingine.

Asiyefunzwa na mamaye...
lakini mama huyu kaliwa,
na ulimwengu ni sahani ya plastiki
yenye upana wa kikombe cha kahawa.
Basi sahani ikafunza.

Ya tatu ikaota ukungu.
Ya saba na ya tisa zilikufa usiku ule wa umeme,
jenereta lilipokohoa, likagoma,
nami nikakifunga kiatamizi kwa kanga yangu
kama mjinga, kama mzazi.
Ya kumi na nne ikatoa nyuzi.

Nyembamba, ndefu.
Ungedhani singa za mkonge zilizoanikwa,
ila singa hulala, na hizi zilikuwa zikipapasa.
Moja ikaigusa jirani yake. Ikatulia hapo.

Mshipa wa fahamu, ndivyo tusemavyo.
Wafahamu nini, wewe?
Inzi hayupo, wala mkia wa kumfukuza.
Hakuna ngozi ya kutiwa chapa,
hakuna nyasi.
Nikadondosha tone la chumvi ya potasi
na ile rangi niliyozinywesha ikawaka kijani,
seli hadi seli, upande huu hadi ule,
kama habari ya msiba inavyopita mtaani
kabla ya mtu kupaza sauti.

Nikampigia Daktari Shemdoe, natetemeka.
"Umeandika saa?" akauliza.
Sikuwa nimeandika saa.

Jioni nikaenda kwa baba, Chumbageni.
Miaka thelathini aliuza nyama,
hadi kisu kilipoteleza kikamwingia kifundo cha mkono;
tangu hapo kidole cha pete na cha mwisho
si vyake tena, amevibeba tu.
Nikamsimulia. Alisikiliza hadi mwisho,
jambo ambalo si kawaida yake.

"Hizo nyuzi zako, Mwanakheri, zitanifikia mimi?"
"Hapana, baba. Hizi ni za ng'ombe."
"Ng'ombe gani?"
Nikafungua mdomo, nikaufunga.
"Hakuna ng'ombe, baba."
Akacheka, akacheka hadi akakohoa.
"Sasa ikishtuka, anayeshtuka ni nani?"

Akanyoosha mkono kuchukua kikombe.
Kidole cha mwisho kikaegemea birika
lililotoka motoni sasa hivi,
kikakaa pale, kimetulia, hakina habari.

Nikalisogeza birika.